Windows na Ubuntu (mfumo endeshi kama Windows, ila wa bure) kwenye laptopu moja: ada nilishalipa mimi

Juzi usiku dogo mmoja wa Moshi kanitumia ujumbe: "Kaka, nimeweka Ubuntu, Windows siioni. Nimekwisha." Nikacheka, halafu kicheko kikanikauka, maana miaka minne iliyopita niliyekwisha ni mimi.

Nilikuwa nimepanga chumba Ngarenaro, Arusha. Laptopu HP ya mtumba, ndani picha za harusi tatu ambazo wenyewe walikuwa bado hawajakabidhiwa. Nikafika pale Ubuntu inapouliza ikae wapi: kando ya Windows, au ifute diski yote? Sikusoma. Nilikuwa na haraka ya kuitwa mtaalamu. Baada ya muda Ubuntu hiyo inang'aa, harusi zote tatu hazipo. Bibi harusi mmoja tukikutana soko la Kilombero mpaka leo ananipita kama nguzo. Fundi niliyemkimbilia akasema mbele ya wateja wake, "Nyie wa YouTube ndio mnatulisha." Iliniuma, na sijasahau.

Mwezi uliopita nimerudia, na imekubali. Kwanza nakala ya kila kitu kwenye diski ya nje. Pili nikaangalia BitLocker, kufuli la Windows linaloifunga diski. Diski ikiwa imefungwa, Windows inaweza kukudai namba 48 na wewe huzijui hata tatu. Nafasi nikaipunguza kutokea ndani ya Windows yenyewe, GB 60 (Ubuntu 24.04 inataka angalau 25). Nikazima na Fast Startup, kwa sababu nayo Windows haizimiki, inasinzia tu huku imeikumbatia diski. Kunakili, nasema tena, ndiyo ya kwanza.

Saa ndiyo ilinichezea. Ubuntu huiandika saa ya mashine kwa UTC, yaani saa ya dunia, Windows huisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Saa nne asubuhi Windows ikaniambia ni saa moja. Si ya Kiswahili, si ya kizungu! Mteja wa Njiro alinisubiri mpaka akachoka. Dawa yake ni amri ya mstari mmoja kwenye Ubuntu: timedatectl set-local-rtc 1.

Vijana, someni kilicho kwenye kioo kabla hamjabonyeza. Haraka haijawahi kumpa mtu ufundi.

Dogo nilimwambia azime, awashe huku anagonga Esc, kisha F9 (hivyo ndivyo HP inavyokuuliza iwashe mfumo upi). Windows ilikuwepo kwenye orodha, haijaguswa. Akatuma picha ya kioo na emoji za kucheka. Nikamuuliza mafaili yake ameyanakili wapi.

Hajajibu.