Maswali na majibu: Chipu zikizidi kuwa ndogo

Muuzaji ameniambia simu yangu ina chipu ya nanomita 3. Ndio upana wa transista zake? (Kondele, Kisumu)

Hapana, ndugu. Hilo ni jina la kizazi cha utengenezaji tu. Transista ni swichi ndogo ya umeme, na lango ni sehemu yake inayoiwasha na kuizima. Kutoka lango la transista moja hadi la jirani yake bado ni zaidi ya nanomita 40 (nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita).

Kwa nini wasizidi kuzipunguza tu? (Nakuru mjini)

Kwa sababu zinavuja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, tabaka la kuhami chini ya lango lilikuwa limebaki na unene wa takriban nanomita 1.2, atomu chache tu. Kwa wembamba huo elektroni hupenya, na transista iliyozimwa hupitisha umeme kidogo, kama bomba lililofungwa linalozidi kudondosha. Zidisha hayo mara mabilioni ya transista, upate joto na betri inayoisha upesi. Mwaka 2007 kampuni ya Intel iliingiza tabaka la kuhami lenye hafniamu, aina ya metali, ambalo linaweza kuwa nene bila lango kupoteza nguvu. Kisha njia ya umeme ikasimamishwa wima ili lango liibane pande tatu, na mwaka 2022 Samsung ikaanza kutengeneza chipu zenye lango linaloizunguka pande zote. Uvujaji umepungua, haujaisha. Kwa maoni yangu, joto ndilo kizuizi kikubwa kuliko udogo wenyewe: tangu mwaka 2005 hivi kasi ya mapigo ya prosesa (chipu kuu ya kompyuta), ile ya gigahezi, imepanda kidogo mno, ndiyo maana wakaongeza idadi ya viini, yaani sehemu zake zinazofanya kazi kwa pamoja.

Neli za kaboni zitachukua nafasi ya silikoni? (Mwanafunzi, Kakamega)

Neli hizo ni mirija myembamba mno ya kaboni, na silikoni ndiyo inayotengenezea chipu za leo. Natamani sana, lakini si karibuni. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Stanford kilionyesha kompyuta ya transista 178 za neli hizo. Mwaka 2019 MIT, chuo kikuu kingine cha Marekani, ikatoa prosesa yenye zaidi ya 14,000. Taabu ni kwamba baadhi ya neli hutokea zikiwa na tabia ya chuma, hazizimiki. Watafiti wa MIT walipanga saketi zao ziweze kuzivumilia, na hapo ndipo naona matumaini.

Binti yangu anasoma fizikia Maseno. Kuna kazi huku kwetu? (Mzazi, Luanda)

Chache, mama, ila zipo. Nyeri kuna Semiconductor Technologies Limited, kampuni ya chipu, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Asisubiri kumaliza masomo: ngspice, programu ya kuiga saketi, ni ya bure na laptopu ya kawaida inaimudu. Aanze na transista moja, apime inavuja kiasi gani ikiwa imezimwa.