Umesomea vifaa tiba, sasa uende wapi?

Wadogo zangu mnaosoma uhandisi wa vifaa tiba pale MUHAS, DIT au Chuo cha Ufundi Arusha mnaniuliza swali lilelile: ajira za serikali zikichelewa, tutakula wapi? Kazi zipo, ila wengi mnabisha hodi mlango mmoja tu.

Mimi nasema anzia karakana ya hospitali, hata kwa kujitolea, ilimradi usikae huko bure miaka nenda miaka rudi. Huko ndiko utajua mashine zinavyokufa. Muuguzi anakwambia mashine ya oksijeni haimsaidii mgonjwa. Unaiwasha, inanguruma vizuri, hewa inatoka. Ukipima, oksijeni iko asilimia 60 wakati ilitakiwa kukaribia 93. Fungua: chujio limejaa vumbi, au zeolaiti inayonasa naitrojeni imeingia unyevu. Chujio lingeoshwa mara kwa mara, huenda usingeitwa kabisa. Kwa hiyo jifunze kuongea na wauguzi, hasa wa zamu ya usiku, maana wao ndio wanajua mashine ilianza lini kusumbua. Hilo darasani halimo.

Ukishaiva hapo, kampuni zinazouza mashine zitakutaka. Zinahitaji watu wa kuzifunga, kuzihudumia na kufundisha watumiaji. Jiandae kulala kwenye mabasi: leo Mwanza, keshokutwa Mbeya, na simu za daktari aliyekasirika usiku wa manane. Ukiwa na mdomo, hamia mauzo, kuna kamisheni. Binafsi namwamini zaidi muuzaji aliyewahi kushika bisibisi.

Kama grisi si yako, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, inasajili na kukagua vifaa tiba, TAEC, tume ya nguvu za atomiki, inasimamia mashine za mionzi kama eksirei, na MSD, bohari ya dawa, inanunua na kusambaza. Huko utashinda na makaratasi, na Kiingereza cha viwango kama ISO 13485, kile cha usimamizi wa ubora wa vifaa tiba, lazima kikae kichwani. Kubuni vifaa vipya? Kuzuri, ila uwe na kazi nyingine ya kulipa kodi ya nyumba.

Ukihitimu tu, jisajili ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, usingoje hadi tangazo la kazi litoke ndipo uanze kukimbizana na fomu. Na fildi usiende ofisini kwa mjomba kupiga fotokopi. Omba hospitali yenye wodi ya wagonjwa mahututi na mashine za kusafishia figo, halafu mwombe fundi mkuu akuruhusu kushika tochi anapofungua.