Moyo ulinienda mbio baada ya ganzi. Je, nina mzio?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwaka jana nilichomwa sindano ya ganzi ning'olewe jino. Haijapita hata dakika moyo ukaanza kudunda, mikono ikatetemeka, jasho likanitoka. Baadaye kidogo nikatulia. Aliyenichoma akasema nina mzio wa ganzi, nisichomwe tena. Sasa jino jingine limeoza, silali. Nifanyeje? – Mwoga wa Sindano

JIBU: Marahaba, na pole kwa jino. Mzio wa kweli wa lignokaini, dawa ya ganzi inayotumika sana kwa meno, ni nadra mno, na huja na vipele, muwasho, midomo kuvimba au kifua kubana. Wewe hukutaja hata kimoja. Mimi namshuku zaidi adrenalini, kichocheo ambacho mwili nao hukitoa ukiogopa. Huchanganywa na ganzi ili ibane mishipa ya damu, dawa ikae pale ilipochomwa. Ikipenya kwenye mshipa, moyo hukimbia dakika chache, kisha hutulia. Na woga nao una adrenalini yake!

Ndiyo maana kabla ya kusukuma dawa huvuta bomba nyuma kidogo. Nikiona uzi mwekundu wa damu umeingia kwenye kichupa cha dawa kilichomo ndani ya bomba, najua nimo ndani ya mshipa. Nachomoa, naanza upya. Halafu nasukuma taratibu, kichupa kimoja kwa dakika nzima au zaidi. Wagonjwa hunung'unika kwamba nachelewa. Wanung'unike tu.

Kinachonitia hofu mimi ni kipimo. Kichupa cha mililita 1.8 cha lignokaini ya asilimia 2 kina miligramu 36. Bila adrenalini, kikomo ni karibu miligramu 4.5 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 ana nafasi ya kutosha, lakini mtoto wa kilo 15 anavuka kikomo kwenye kichupa cha pili. Tena jino lenye usaha hukataa ganzi, na hapo ndipo mkono wa daktari hushawishika kuongeza, na kuongeza tena.

Dawa ikizidi mwilini, mgonjwa husikia ladha ya chuma mdomoni, masikio yanavuma, ulimi mzima unakufa ganzi hata upande usiochomwa, maneno yanaanza kukokoteka. Ukiyasikia hayo, inua mkono papo hapo. Yakiachwa yanaweza kufuatiwa na degedege, hata moyo kusimama. Ukienda kutibiwa, uliza kama wana oksijeni na dawa za dharura. Si utovu wa adabu.

Usilivumilie jino hilo. Zipo ganzi zisizo na adrenalini, na kama daktari atabaki na shaka ya mzio, vipo vipimo. Mtajie dawa zote unazotumia, hasa za moyo na presha. Usimwambie tu "nina mzio wa ganzi," maana atafunga faili. Mwambie: "Moyo ulinienda mbio kwa dakika chache, sikuvimba wala sikuwashwa." Na umwombe akulaze kitini kabla hajakuchoma, kwani waoga wengi huzimia wakiwa wameketi wima.