Vipimo vya pombe kwenye baa za Uingereza

Kaka, umeuliza kama mhudumu wa baa huko Uingereza anaruhusiwa kukumiminia whisky kwa kukadiria kwa macho. Haruhusiwi. Whisky, gin, rum na vodka zinauzwa kwa toti ya mililita 25 au 35, au mara mbili yake na kuendelea, na baa lazima ibandike tangazo linaloonyesha inatumia kipimo kipi. Kokteli yenye vinywaji vitatu au zaidi haibanwi na sheria hiyo.

Bia ya bomba inapimwa kwa pinti, yaani mililita 568: theluthi, nusu, theluthi mbili au pinti nzima. Mvinyo wa glasi ni 125 au 175. Ukitaka kidogo zaidi ya hapo, 250.

Nimewahi kufanya kazi ya baa Leeds. Tulikuwa na kikombe kidogo cha chuma, unakijaza mpaka ukingoni ndipo unamwaga kwenye glasi, mteja akiona. Kwa bia, angalia alama ya pinti kwenye glasi yenyewe. Povu likizidi, omba uongezewe, usione aibu hata kidogo. Hela ni yako.