Masaji naenda lakini shingo bado imekaza, shida iko wapi?

SWALI: Dokta habari, mimi kutwa nipo kwenye kompyuta, shingo na mabega yamekaza zaidi ya mwaka sasa. Eksirei haikuonyesha kitu. Masaji nikifanya napata nafuu siku mbili tu, halafu yale yale. Asubuhi naamka hadi taya linauma. Nifanyeje?

JIBU: Salama ndugu yangu. Kama hakuna ganzi wala mkono kuishiwa nguvu, uwezekano mkubwa ni kwamba hiyo misuli unaikaza mwenyewe bila kujua, na sisemi unajifanya, maumivu ni ya kweli kabisa. Msuli unakaza kwa amri ya neva, sasa amri ikija kidogo kidogo kutwa nzima, mabega yamepanda, meno yamebanana, unasoma meseji ya bosi huku pumzi umeibana, nyuzi zile zile zinafanya kazi bila kupumzika mpaka zinaanza kuuma. Ubaya ni kwamba ukishazoea huisikii tena, unaona ndo kawaida yako. Masaji inalegeza msuli ila ile tabia inabaki pale pale, ukirudi kwenye kiti umekaza tena.

Kwa hiyo kwanza ujifunze kusikia. Daktari Mmarekani Edmund Jacobson alilifanyia kazi sana hili miaka ya 1920 na 1930, akapima umeme wa misuli akaona mtu akiwaza tu kukunja mkono, msuli wa mkono unashtuka kidogo, yaani mawazo peke yake yanatosha. Njia yake ni kukaza makusudi ili uijue hiyo hali, halafu uache.

Lala chali. Kunja kiganja kurudi nyuma, usitumie nguvu zote, nusu inatosha, sikiliza pale juu ya mkono panapovuta kwa sekunde tano hivi. Acha. Usishushe mkono taratibu kwa adabu, hapo bado unaushikilia, we acha udondoke, kisha tulia nusu dakika usikie tofauti. Halafu mabega, paji la uso, taya. Ukiona msuli unataka kubana, punguza nguvu. Dakika kumi na tano kila siku, na jipe wiki kadhaa, wengi wanaacha mapema wakidhani haifanyi kazi.

Ukishauzoea mchezo ndo uhamishie kwenye kiti, kila ukituma imeli angalia mabega yako wapi, shusha, endelea na kazi.

Ila ganzi ikianza, au homa, au maumivu yanayokuamsha usiku, acha mazoezi nenda hospitali. Na hilo taya, mchana midomo ifunge ila meno yasigusane. Kwa kuwa linauma asubuhi, inawezekana unasaga meno usingizini na hapo huwezi kujirekebisha, muone daktari wa meno, anaweza kukutengenezea kifaa cha kuvaa usiku.