Wembe unakatika, mpingo unaungua

Ndugu yangu wa Masasi, umeuliza kwa nini wembe wa msumeno wa nakshi (mashine yenye wembe mwembamba wa meno, ya kukatia michoro kwenye mbao) unakatika na mpingo unaungua. Mpingo ni mgumu na una mafuta. Vumbi lake likijaa kwenye meno, wembe husugua badala ya kukata, ndipo moshi unapotoka. Punguza kasi ya mashine, usisukume mbao. Tumia wembe wa ukubwa namba 5, meno yatazame chini, ukaze vizuri; ukilegea hupinda kwenye kona na kukatika. Kabla ya kubandika karatasi ya mchoro, funika mbao kwa selotepu pana ya kufungia katoni: hulainisha njia ya wembe, na kuungua hupungua sana. Kwa kuanzia, mbao yenye unene wa milimita 6 inatosha. Na vaa barakoa, tafadhali. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kusumbua kifua.