Jibu: Kasha la mafuta ya nyuklia likizeeka linazidi kuwa moto?

Mkuu, umeuliza kama makasha ya mafuta ya nyuklia yaliyotumika huzidi kupata moto yanapozeeka. Hapana, yanapoa. Hapa Uyole tukichoma matofali, moto ukishazimika tanuri hukaa na joto siku kadhaa. Ukiweka kiganja ukutani unalisikia. Mafuta yale huchukua miaka mingi, kwa sababu joto lake linatoka kwenye atomu zinazoendelea kuvunjika zenyewe.

Kwanza hukaa majini miaka kadhaa, kisha hufungiwa kwenye mtungi wa chuma uliojazwa gesi ya heliamu. Marekani ilianza uhifadhi huu mkavu mwaka 1986, kule Surry, Virginia. Makasha mengi ya leo yana ganda la zege lenye matundu: hewa baridi inaingia chini, ya moto inatokea juu, bila feni wala umeme.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni huko kupoa kwenyewe. Chuma cha moto hakishiki unyevu. Kikipoa, hasa karibu na bahari, chumvi iliyotua juu yake hunyonya maji hewani na inaweza kukipasua taratibu. Mirija ya zirkoni, yaani ya metali inayoshika mafuta yenyewe ndani ya mtungi, nayo: haidrojeni iliyomo hujipanga upya inapopoa, mirija ikawa rahisi kuvunjika siku ya kuhamishwa.